UCHAMBUZI: Dawa ya tarakilishi isiyoamka ipo, ila leseni na ugomvi vimeiweka mbali na wengi

ILIKUWA saa moja na dakika tisa asubuhi, kwa saa za Afrika Mashariki, Ijumaa ya Julai 19, 2024, wakati kampuni ya Marekani ya usalama wa mitandao, CrowdStrike, ilipotuma faili moja ndogo kwa tarakilishi za wateja wake kote ulimwenguni. Faili hiyo ilikuwa na kasoro. Tarakilishi za Windows zilizoipokea zilizimika ghafla, zikaonyesha kiwambo cha rangi ya samawati, zikajaribu kuwaka upya na kuzimika tena.

Kampuni hiyo iligundua kosa lake upesi. Kufikia saa mbili na dakika ishirini na saba, yaani dakika 78 baadaye, faili yenye kasoro ilikuwa imeondolewa. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Kwa mujibu wa makadirio ya Microsoft, tarakilishi milioni 8.5 ziliathirika. Safari za ndege zilifutwa, hospitali zikaahirisha matibabu, nazo benki na vituo vya runinga vikakwama. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari zipatazo 7,000 na kukadiria hasara yake kuwa dola milioni 500.

Je, kwa nini dawa iliyopatikana kwa dakika 78 ilichukua siku kadhaa kuwafikia wagonjwa? Jibu ni kwamba tarakilishi isiyoweza kuamka haiwezi kuunganishwa na mtandao, na isiyo na mtandao haiwezi kutumiwa tiba. Ilibidi mafundi watembee kutoka meza moja hadi nyingine, wawashe kila tarakilishi kwa njia ya dharura na kufuta faili ile kwa mkono. Penye diski zilizofungwa kwa siri, walilazimika kwanza kucharaza ufunguo wa tarakimu 48.

Lisilosemwa sana ni kwamba ujuzi wa kuifanya tarakilishi iamke katika hali iliyokuwamo jana, kana kwamba masasisho ya leo hayakuwahi kufika, ulikuwa umetumika kwa miaka 16 kabla ya Ijumaa hiyo. Siri yake ni kuuwasha mfumo endeshi kutoka katika mfumo wa faili wa kisasa, usiofuta ya kale unapoandika mapya.

Ikiwa ujuzi huo ulikuwapo, mbona haukuwa katika meza za watu wengi? Wahandisi walitimiza wajibu wao. Kilichouchelewesha ni leseni, umiliki na ugomvi wa watu.

Jinsi tarakilishi inavyoamka

Mtu anapobonyeza kitufe cha kuwasha, tarakilishi huwa haijui lolote. Kwanza huamka programu fupi iliyohifadhiwa katika chipu kwenye ubao wake mkuu. Programu hiyo hutafuta katika diski programu nyingine, kubwa kidogo, ambayo tunaweza kuiita kianzishi. Kianzishi nacho hutafuta kiini cha mfumo endeshi, uwe ni Windows, Linux au macOS, na kukipakia katika kumbukumbu. Hapo ndipo kiini kinaposhika usukani na kuziamsha programu nyinginezo.

Huo ni mnyororo, na pete moja ikikatika safari huishia hapo. Kila pete inategemea uwezo wa kupata faili fulani katika diski na kuisoma ikiwa nzima.

Mpangilio wa faili hizo ndio uitwao mfumo wa faili. Tuseme diski ni rafu za maktaba na faili ni vitabu. Mfumo wa faili ni mkutubi pamoja na daftari lake linaloonyesha kila kitabu kiko rafu gani. Bila mkutubi, rafu zimejaa lakini hakuna awezaye kupata chochote.

Mkutubi tuliyemzoea hufanya kazi kwa kufuta na kuandika papo hapo. Ukimpa toleo jipya la ukurasa, hufuta ule wa zamani na kuandika mpya mahali pale pale. Ndivyo ilivyo NTFS, mfumo wa faili ambao Windows imeutumia tangu 1993, na ndivyo ilivyo ext4 ambao husakinishwa katika tarakilishi nyingi za Linux.

Mifumo hiyo si mibovu. Imejengewa njia za kurekebisha daftari lake baada ya umeme kukatika, na kazi nyingi za dunia zimefanyika juu yake. Windows pia ina huduma ya kurejesha hali ya awali, lakini huhitaji mtu apitie hatua kadhaa na haihifadhi diski nzima. Upungufu wa msingi ni kwamba ukurasa ukishaandikwa juu, wa jana umekwenda.

Mkutubi wa kisasa haandiki kamwe juu ya maandishi ya zamani. Kila badiliko huandikwa mahali patupu, na baada ya kukamilika ndipo daftari huelekezwa huko. Umeme ukikatika katikati ya kazi, daftari bado linaonyesha ukurasa wa zamani, nao ungali mzima.

Wakenya hawahitaji kuelezwa thamani ya jambo hilo. Agosti 25, 2023, umeme ulikatika karibu kote nchini kwa saa nyingi, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Tarakilishi nyingi zilizokuwa zikiandika katika diski zake wakati huo hazikupewa nafasi ya kumaliza sentensi.

Utaratibu huu huzaa manufaa mengine mawili. La kwanza ni kwamba mfumo unaweza kupiga picha ya hali ya diski nzima kwa sekunde chache. Picha hiyo haichukui nafasi yoyote ya maana mwanzoni, kwa sababu haifanyi nakala ya chochote. Kazi yake ni kumwambia mkutubi asitupe kurasa za wakati huo.

La pili ni kwamba kila kipande cha data hupewa alama ya uhakiki. Kinaposomwa, alama hukaguliwa. Diski ikiwa imeharibu kipande kimyakimya, mfumo hugundua badala ya kumpa mtumiaji takataka, na ukiwa na nakala ya pili katika diski nyingine hujitibu wenyewe.

Ufunguo ndani ya nyumba iliyofungwa

Kuhifadhi picha za harusi na hati za ofisi katika mfumo kama huo ni rahisi. Kuuwasha mfumo endeshi wenyewe kutoka humo ni kazi nyingine kabisa, na ndipo mambo yalipowatoa wahandisi jasho.

Programu inayoufahamu mfumo wa faili wa kisasa imo ndani ya kiini cha mfumo endeshi. Kiini nacho kimehifadhiwa katika mfumo huo huo wa faili. Ni sawa na ufunguo wa nyumba uliofungiwa ndani ya nyumba. Ile chipu ya ubao mkuu haina msaada mkubwa, maana kwa kawaida huelewa FAT tu, mfumo wa faili uliobuniwa zama za diski laini.

Kwa hiyo ni lazima kianzishi kifundishwe kusoma mfumo wa kisasa kabla ya kiini kuamka. GRUB, kianzishi kinachotumika sana katika Linux, kimejengewa msomaji wake mdogo. Lakini msomaji huyo hafahamu mambo yote mapya. Ikatokea kwamba mtu aliyewezesha uwezo mpya wa mfumo wake wa faili alizima tarakilishi jioni ikiwa salama, na asubuhi ikakataa kuwaka, kwa kuwa kianzishi hakikuelewa tena lugha ya diski.

Suluhu zilizobuniwa ni za aina mbili. Ya kwanza ni kugawa diski, sehemu ndogo iwe ya kiini na itumie lugha ambayo kianzishi kinaielewa, na sehemu kubwa ibakie kwa mambo mengine yote. Ya pili ni kutumia kiini kidogo cha Linux kama kianzishi. Hicho huamka kwanza, husoma diski kwa ufasaha, kisha hukabidhi usukani kwa kiini kikubwa.

Taabu hiyo ina malipo yake. Mfumo endeshi ukishakaa ndani ya mfumo wa faili wa kisasa, kila masasisho hutanguliwa na picha ya hali. Masasisho yakiharibu mambo, mhudumu huwasha tarakilishi, huona orodha ya tarehe, huchagua ya jana na kuendelea na kazi. Ni kazi ya dakika mbili, na haihitaji fundi aliyesomea ng'ambo. Mifumo mingine huenda mbali zaidi: ikishindwa kuamka vizuri hurudi yenyewe katika hali ya awali.

Urithi wa Sun na fahali wawili

Aliyefungua njia hii ni kampuni ya Sun Microsystems ya California. Wahandisi Jeff Bonwick na Matthew Ahrens walianza kuunda mfumo wa faili uitwao ZFS mwaka wa 2001, na mwishoni mwa 2005 msimbo wake ukatolewa hadharani. Kufikia 2008, watumiaji wa Solaris, mfumo endeshi wa Sun, waliweza kuwasha seva zao kutoka ZFS na kurudi katika hali ya jana kwa kuchagua katika orodha.

Mfumo endeshi wa FreeBSD uliupokea ujuzi huo mara moja. Toleo lake la 7.0 la Februari 2008 lilikuwa na ZFS, na kuanzia toleo la 10.0 la Januari 2014 mtu aliweza kuchagua kuwasha kutoka ZFS wakati wa kusakinisha.

Lakini dunia ya seva ilikuwa ikihamia Linux, na hapo ndipo penye kikwazo. Sun iliitoa ZFS kwa leseni iitwayo CDDL. Linux hutolewa kwa leseni ya GPL. Zote mbili humpa mtu uhuru wa kusoma, kubadilisha na kusambaza msimbo, lakini kila moja ina masharti ambayo, kwa maoni ya wengi, hayapatani na ya nyingine. Fahali wawili hawakai zizi moja. Baadhi ya waliokuwa Sun walidai baadaye kwamba leseni hiyo ilichaguliwa makusudi ili isipatane na ya Linux, nao wenzao wakakanusha.

Apple nayo ilikaribia kuichukua ZFS. Juni 2007, mkuu wa Sun, Jonathan Schwartz, alitangaza kwamba ZFS ndiyo ingekuwa mfumo wa faili wa toleo jipya la Mac. Toleo hilo lilipotoka lilikuwa na uwezo wa kuisoma tu, na mnamo Oktoba 2009 mradi ukafungwa. Isitoshe, Septemba 2007 kampuni ya NetApp ilikuwa imeishtaki Sun ikidai hataza zake zimekiukwa. Kesi hiyo ilimalizika 2010, lakini katika miaka hiyo mitatu kila aliyetaka kuitumia ZFS alilazimika kuwauliza mawakili wake kwanza.

Kisha Januari 2010 Sun ikanunuliwa na Oracle kwa dola bilioni 7.4. Mwaka huo huo Oracle iliufunga mlango wa maendeleo ya wazi ya Solaris. Wahandisi kadhaa waliondoka, na wale walioendeleza msimbo uliokwisha kutolewa wakaungana 2013 chini ya jina la OpenZFS. Ndio wanaoulea hadi leo, ijapokuwa hakimiliki ya msimbo wa asili ingali mikononi mwa Oracle. Kampuni hiyo ingeweza kuumaliza mvutano wa leseni kwa saini moja, lakini haijafanya hivyo.

Kampuni ya Canonical ya Uingereza, inayounda Ubuntu, iliamua kuthubutu. Mwaka wa 2016 ilitangaza kwamba toleo la 16.04 lingekuja na ZFS. Shirika la Software Freedom Conservancy lilisema huo ni ukiukaji wa leseni ya Linux. Canonical ikajibu kwamba mawakili wake wameridhika. Hakuna mahakama iliyolikata suala hilo. Oktoba 2019, Ubuntu 19.10 ikampa mtumiaji wa kawaida nafasi ya kuwasha kutoka ZFS, lakini kwa onyo kwamba ni jaribio.

Miezi mitatu baadaye, Januari 2020, mwanzilishi wa Linux, Linus Torvalds, aliwashauri watu hadharani wasitumie ZFS. Alisema hangeweza kuipokea katika Linux bila barua rasmi iliyotiwa saini na wakili mkuu wa Oracle au na Larry Ellison mwenyewe. Hofu yake haikuwa ya bure. Wakati huo Oracle na Google zilikuwa zimekabana koo mahakamani kwa karibu miaka kumi kuhusu Java, kesi ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliiamua kwa upande wa Google Aprili 2021.

Waliojaribu njia nyingine

Waundaji wa Linux hawakukaa mikono mitupu. Chris Mason alianzisha mfumo wa faili uitwao Btrfs mwaka wa 2007, akiwa mfanyakazi wa Oracle, na ukaingia katika Linux 2009. Ajabu ni kwamba Oracle ilipoinunua Sun ilijikuta ikimiliki ZFS huku ikimlipa mshahara mtu aliyekuwa akiunda mshindani wake.

Kampuni ya SUSE ya Ujerumani iliutumia Btrfs kuiwashia Linux yake ya biashara kuanzia Oktoba 2014. Kila masasisho hupigiwa picha ya hali, na orodha ya picha hizo huonekana katika kianzishi. Ndilo jambo lile lile ambalo Sun ililifanya miaka sita awali, mara hii bila tatizo la leseni.

Hata hivyo, wengine hawakushawishika. Red Hat, ambayo Linux yake hutumika katika mashirika makubwa mengi, ilitangaza 2017 kwamba inaachana na Btrfs, na toleo lake la 8 la mwaka 2019 halikuwa nao. Mwaka uliofuata, Fedora, mradi ambao Red Hat yenyewe huufadhili, ukaufanya Btrfs kuwa chaguo la kawaida katika tarakilishi za mezani. Nyumba moja, kauli mbili.

Sababu ya kusita huko ilikuwa imani. Btrfs ulipata sifa mbaya katika miaka yake ya mwanzo kwa kupoteza data, na hadi leo waundaji wake wanaonya dhidi ya baadhi ya namna zake za kuunganisha diski nyingi. Mfumo wa faili ni kama benki: ukipoteza akiba ya mteja mara moja, ataisimulia kwa miaka kumi.

Kisa cha karibuni zaidi ni cha kusikitisha. Januari 2024, mfumo mpya wa faili uitwao bcachefs, kazi ya Kent Overstreet, uliingia katika Linux ukiwa na matumaini ya kuunganisha uwezo wa ZFS na leseni isiyo na utata. Haukudumu. Overstreet na Torvalds walivutana mara kwa mara kuhusu wakati wa kupeleka mabadiliko, mmoja akisema anawalinda watumiaji wake, mwingine akisema sheria ni msumeno. Katikati ya 2025 Torvalds alitangaza kwamba wataachana, na katika toleo la 6.18 la mwaka huo msimbo wa bcachefs ukaondolewa.

Msomaji na atafakari maana yake. Mtu aliyeusakinisha mfumo endeshi wake juu ya bcachefs, kisha akapokea kiini kipya bila kusakinisha kipande cha ziada kutoka nje, angekuta kiini kimeamka lakini hakiijui diski yake mwenyewe. Tarakilishi inakataa kuwaka, na chanzo ni ugomvi wa watu wawili ambao mwenyewe hajawahi kuonana nao. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.

Wakubwa walijifungia ndani

Wakati hayo yakiendelea, kampuni zinazomiliki mifumo yao zilijitatulia tatizo bila kumwomba mtu leseni. Apple, baada ya kuiacha ZFS, iliunda mfumo wake wa APFS na kuuingiza katika simu na tarakilishi zake 2017. Tangu 2020, Mac huwaka kutoka katika picha ya hali iliyotiwa muhuri, isiyoweza kubadilishwa kirahisi hata na mwenye tarakilishi.

Google ilichukua njia nyingine. Kuanzia Android 7 ya mwaka 2016, simu inaweza kuwa na nafasi mbili za mfumo endeshi. Masasisho huandikwa katika nafasi ambayo haitumiki, na simu ikishindwa kuwaka hurudi katika ile ya awali. Hivyo basi, yamkini simu iliyo mkononi mwa mama mboga ina kinga ambayo seva ya ofisi ya kaunti haina.

Microsoft ilitoa mfumo wa faili wa kisasa uitwao ReFS 2012, lakini ulikuwa wa kuhifadhi data za seva, na tarakilishi za watumiaji wa kawaida zikabaki kuwaka kutoka NTFS. Baada ya mkasa wa CrowdStrike, ilitangaza Novemba 2024 kwamba inaandaa njia ya kuzitibu kutoka mbali tarakilishi zisizoamka. Ni hatua njema, lakini ilikuja baada ya farasi kutoroka zizini.

Picha ya hali si nakala ya akiba

Sisemi kwamba kila mtu akimbilie mifumo hii kesho. Ina mipaka yake, na wanaoiuza hawaitaji mara nyingi.

Kwanza, picha ya hali hukaa katika diski ile ile. Diski ikifa, ikiibwa au ikiteketea, picha zote huenda nayo. Nakala ya akiba iliyo katika diski nyingine, mahali pengine, bado haina mbadala.

Pili, kurudi jana kuna gharama. Mtu akirudisha diski nzima katika hali ya jana, hupoteza pia barua alizoandika leo. Ndiyo sababu wasanifu wazuri hutenganisha chumba cha mfumo na chumba cha kazi za mtumiaji, ili kimoja kirudi nyuma na kingine kisiguswe. Vilevile, kurudi jana hurudisha matundu ya usalama ambayo masasisho yalikuwa yameyaziba.

Tatu, picha zisipofutwa kwa utaratibu hujaza diski. Mtumiaji hufuta faili na kushangaa kwamba nafasi hairudi, na diski ikijaa pomoni huenda tarakilishi ikakataa kuwaka. ZFS nayo hupenda kumbukumbu nyingi, jambo lisilomfaa mwenye tarakilishi ndogo ya zamani.

Nakumbuka usiku mmoja, miaka mingi iliyopita, katika chumba cha habari nilichokuwa nikihudumu. Tarakilishi ya kupanga kurasa ilisasishwa saa kumi alasiri, na saa mbili usiku, kurasa nne zikiwa bado hazijakwenda mtamboni, ikagoma kuwaka. Faili zetu zilikuwa salama ndani yake, ila hatukuweza kuzifikia. Fundi alikesha akisakinisha mfumo upya, nasi tukazipanga kurasa zile upya kwenye meza nyingine. Gazeti lilichelewa, na wauzaji wa magazeti wa miji ya mbali wakapata hasara ambayo hakuna aliyewafidia. Hatukukosa chochote usiku ule ila njia ya kurudi saa tisa alasiri.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Suala hili linatuhusu sasa kuliko wakati wowote. Oktoba 14, 2025, Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya masasisho kwa Windows 10. Tarakilishi nyingi zilizoletwa nchini zikiwa zimetumika ng'ambo, zilizojaa katika shule, vituo vya intaneti na ofisi ndogo, hazitimizi masharti ya Windows 11. Wenyewe wanaweza kununua mpya, kuendelea bila kinga au kuhamia Linux.

Atakayehamia Linux atakutana na ukurasa mmoja wakati wa kusakinisha, unaouliza diski ipangwe vipi. Wengi hubonyeza na kupita. Ukurasa huo ndio unaoamua kama siku moja ataweza kurudi jana. Ubuntu humpa ext4 asipochagua kitu. openSUSE humpa Btrfs pamoja na picha za hali zinazoonekana katika kianzishi. Fedora humpa Btrfs, lakini kuzipanga picha hizo ni juu yake mwenyewe.

Kwa serikali, uzito ni mkubwa zaidi. Juni 30, 2023, Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali katika jukwaa la eCitizen. Pasipoti, leseni ya udereva, cheti cha kuzaliwa: vyote sasa vinategemea seva inayoamka asubuhi. Neno seva lenyewe liliingia vinywani mwa Wakenya wengi kupitia mzozo wa uchaguzi wa 2017, tulipokuwa tukiuliza kilichomo ndani yake. Tungefaa kuuliza pia jinsi inavyowaka.

Afisa wa ununuzi hahitaji shahada ya uhandisi ili aulize maswali matatu kabla ya kutia saini. Masasisho yakiharibika, mashine hii hurudi katika hali ya jana kwa dakika ngapi, na ni nani awezaye kuirudisha? Leseni ya mfumo wake wa faili ni ya nani, na je, mwenyewe anaweza kutufungia mlango? Nakala ya akiba iko katika jengo gani jingine?

Muuzaji asiye na jibu la swali la kwanza anauza tarakilishi itakayomhitaji fundi kwa kila meza, kama zile za Julai 2024. Asiye na jibu la pili anamfunga mnunuzi katika vita visivyo vyake. Na asiye na jibu la tatu hafai kupewa kandarasi hata kwa bei ya bure.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, walisema wahenga. Wahandisi walikuwa na kinga chao tangu 2008. Kilichobaki ni cha wanunuzi, ambao hadi leo huuliza bei na ukubwa wa diski, wakalipa, wakaondoka.